C/SiC, SiC/SiC au oksaidi kwa oksaidi: ipi itavumilia uchovu wa kazi yako?

Swali hili wanauliza sana wanaosoma uhandisi mitambo na walioanza kugusa mambo ya injini: kati ya kompoziti za seramiki zenye nyuzi, ipi inavumilia uchovu (yaani kuharibika kwa kuvutwa na kuachiwa mara nyingi, kila mara moja ni saiko) kuliko nyingine? Mtu anataka ajibiwe kwa namba moja, kwamba hii inafika asilimia fulani ya nguvu yake kwa saiko milioni moja, aichukue aiweke kwenye jedwali la projekti yake mambo yaishe. Shida ni kwamba hiyo namba ukiitoa nje ya chumba ilikopimiwa haikwambii kitu. Sampuli ileile inayomaliza saiko milioni kwenye joto la chumba bila wasiwasi inaweza kukatika ndani ya saa chache ukiipeleka digrii 600 kwenye hewa ya kawaida, tena kwa mkazo mdogo zaidi.

Basi naweka tatu mezani. C/SiC, yaani nyuzi za kaboni ndani ya silikoni kabaidi. SiC/SiC, nyuzi na matriksi (ile seramiki inayozizunguka nyuzi) zote silikoni kabaidi. Na oksaidi kwa oksaidi, ambayo nitachukua ile iliyopimwa sana, nyuzi za Nextel 720 za kampuni ya 3M ndani ya alumina, yaani oksaidi ya alumini. Kaboni kwa kaboni nimeiacha makusudi maana matriksi yake si seramiki, ina mada yake.

Kwanza huu uchovu unakujaje

Kwenye chuma uchovu ni habari ya ufa mmoja: unaanzia mahali, unakua kidogo kidogo kila saiko, siku moja kipande kinaachia. Seramiki tupu yenyewe haingoji, ufa ukianza ndo mwisho. Hizi zenye nyuzi zinafanya mambo tofauti kabisa. Matriksi inapasuka mapema, nyufa nyingi nyembamba zinazokwenda sambamba, lakini nyuzi zinabaki zimeshikilia pande mbili za kila ufa kwa hiyo kipande bado kinabeba mzigo. Ukivuta nyufa zinafunguka, ukiachia zinajifunga, na kila mara uzi unateleza ndani ya mfereji wake mbele na nyuma. Huo msuguano ndo unaokula. Unalainisha kile kitabaka chembamba kilichowekwa kati ya uzi na matriksi (mara nyingi kaboni au boroni naitraidi, unene wake kwa kawaida haufiki hata maikromita moja), mshiko unalegea, uso wa uzi unachunika, nyuzi dhaifu zinakatika na mzigo unahamia kwa zilizobaki. Kwenye mashine ya kupimia utaona ukakamavu unashuka haraka saiko za mwanzo halafu unatulia, na watu wengi wakiona umetulia wanafurahi.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kemia, na kwa maoni yangu ndo inayoua vipande vingi zaidi huko kazini: kila ufa uliofunguka ni njia ya hewa na mvuke kwenda kwenye kitabaka na nyuzi. Sasa ukishakuwa na joto na hewa, hesabu inahama kutoka saiko ngapi kwenda saa ngapi.

Vigezo nitakavyotumia

Kwa kila moja nitaangalia mambo manne. Moja, inafanyaje ikiwa baridi, pale ambapo hakuna kemia, ni msuguano tu. Mbili, inafanyaje ikiwa moto kwenye hewa na mvuke. Tatu, inasumbuliwa zaidi na saiko za haraka au zile za polepole zenye kushikilia mzigo kileleni. Nne, ushahidi wa kazini na urahisi wa kuipata, maana matirio mazuri usiyoweza kuyanunua hayakusaidii.

Jambo moja linapita kote: mkazo wa kazi uko wapi ukilinganisha na mkazo unaopasua matriksi mara ya kwanza. Chini ya hapo uchovu unakuwa mpole, juu ya hapo umefungua njia. Hiki ndo kipimo cha kutafuta kwenye data kabla ya kuangalia nguvu ya mwisho, na ajabu ni kwamba watu wengi wanaangalia nguvu ya mwisho kwanza kwa sababu ndo namba kubwa.

C/SiC

Ikiwa baridi: hapa inashangaza. Hii kompoziti inazaliwa tayari imepasuka. Nyuzi za kaboni karibu hazitanuki kwa urefu wake na matriksi inatanuka, kwa hiyo ikipozwa kutoka kwenye tanuri la digrii 1000 hivi matriksi inabaki imevutwa na kujaa vijiufa. Ungedhani itakuwa dhaifu kwa uchovu, lakini wapi. Kwenye joto la chumba inaweza kuvumilia saiko milioni kwa mkazo unaozidi robo tatu ya nguvu yake ya kuvutwa, na kuna vipimo ambavyo sampuli iliyokwishachoshwa ilivutwa mpaka ikatike ikaonyesha nguvu sawa au hata zaidi ya ile mpya, kwa sababu zile saiko zimelegeza mikazo iliyobaki ndani tangu tanurini.

Ikiwa moto: hapa ndo inapoharibikiwa. Kaboni inaanza kuungua kwenye hewa kuanzia digrii 400 mpaka 500 hivi na vijiufa viko wazi tayari, kwa hiyo oksijeni haihitaji kubisha hodi. Watu wa NASA Glenn kule Cleveland walizipima sana zikiwa zimevutwa ndani ya hewa ya moto, na picha inayotoka ni hii: kwenye joto la kati oksijeni inapenya mpaka ndani kabisa na kula nyuzi kila mahali, kwenye joto kubwa zaidi kaboni inaungua haraka kiasi kwamba oksijeni inaishia karibu na uso. Ukipanda karibu na joto la tanuri nyufa zinajifunga na hali inakuwa afadhali kidogo. Maana yake ni kwamba joto la chini si salama zaidi kwake, na hili linawachanganya waliozoea chuma. Kwenye vakyumu au gesi isiyo na oksijeni mambo yanageuka, hapo inaenda mpaka digrii 1600 na zaidi na uchovu wake unabaki mzuri.

Haraka au polepole: ikiwa baridi, haraka ndo mbaya. Ukiitetemesha makumi ya hezi (saiko kwa sekunde) ule msuguano wa nyuzi unatoa joto la kweli, sampuli inapanda makumi ya digrii hata kama chumba ni baridi, na uharibifu unaongezeka. Chuo Kikuu cha Michigan walilionyesha hili miaka ya mwanzo ya 1990. Ikiwa moto kwenye hewa, geuza: polepole ndo mbaya, kwani kinachohesabika ni muda ambao ufa umekaa wazi.

Ushahidi na upatikanaji: nyuzi za kaboni za kawaida ni makumi ya dola kwa kilo, kwa hiyo hii ndo rahisi kuliko zote kwa upande wa nyuzi. Diski za breki ndo sura yake inayojulikana, Porsche walianza kuzitoa na 911 mwanzoni mwa miaka ya 2000, ingawa zile ni za nyuzi fupi zilizojazwa silikoni iliyoyeyuka, si kitambaa cha nyuzi ndefu. Wafaransa waliweka vibamba vya nje vya ekzosi vya C/SiC kwenye injini M88 ya ndege ya Rafale tangu miaka ya 1990. Na chombo cha IXV cha shirika la anga la Ulaya kiliruka Februari 2015 na kurudi angahewani kikiwa na pua na vibawa vya nyuma vya C/SiC.

Inamfaa nani: mwenye kazi fupi na ya moto sana, au ndefu lakini baridi au isiyo na oksijeni. Chombo cha kurudi kutoka anga za juu kinakaa kwenye moto dakika chache tu, breki inapata joto kwa vipindi. Mwenye kazi ya saa elfu kumi kwenye moshi wa injini asihangaike nayo.

SiC/SiC

Hii ndo inayopewa sifa nyingi na inastahili nyingi kati ya hizo, ila ina tabia zake.

Ikiwa baridi: nyuzi na matriksi zinatanuka karibu sawa kwa hiyo haizaliwi imepasuka. Zile zinazojazwa silikoni iliyoyeyuka, ambazo ndo za kina GE watengeneza injini, ufa wa kwanza wa matriksi unakuja kama MPa (megapaskali, kipimo cha mkazo) 150 mpaka 180 hivi. Kaa chini ya hapo na uchovu baridi karibu usahau. Panda juu yake na ule mchezo wa kuteleza na kuchunika unaanza, bado inachukua saiko nyingi, ila ujue umefungua mlango ambao ukija kuiwasha moto utaujutia.

Ikiwa moto: gawa sehemu tatu. Kuanzia kama 700 mpaka 900 kuna bonde baya. Ufa ukifika kwenye kitabaka cha boroni naitraidi, kitabaka kinageuka kioo cha boroni, mvuke ukiwepo kioo chenyewe kinatoka kama gesi, na silika (oksaidi ya silikoni) inayozaliwa kwenye nyuzi inazigandisha pamoja. Sasa uzi mmoja ukikatika jirani zake wanakatika nao, ile faida yote ya kuwa na nyuzi inapotea na kipande kinavunjika kama seramiki tupu. Kitabaka kikiwa cha kaboni ndo mapema zaidi, digrii 500 tu kinaanza kuungua. Ukipanda juu ya 1000 mambo yanaweza kuwa mazuri kuliko bondeni, kwa sababu silika inatengenezwa haraka na kuziba midomo ya nyufa, ndo maana Wafaransa pale Bordeaux walikotengeneza teknolojia nyingi ya kujaza matriksi kwa gesi wakaja na matriksi zenye boroni zinazojiziba zenyewe. Halafu juu kabisa una ukomo mwingine: nyuzi zinaanza kurefuka taratibu chini ya mzigo, na zile zenye silikoni ya ziada huwezi kusogelea digrii 1414 ambapo silikoni inayeyuka, kwa hiyo watu wanabaki kama 1300 na kidogo.

Na hapo sijataja mvuke wa moshi wa injini. Silika inayoilinda SiC dhidi ya oksijeni inaliwa na mvuke wa moto, inageuka gesi na kupeperuka, ukuta unapungua unene saa hadi saa. Ndo maana lazima ivae koti la kinga la silikati, siku hizi mara nyingi za itabiamu. Kwa mtu wa uchovu swali linakuwa mawili: kompoziti itachoka lini, na koti litapasuka au kubanduka lini, maana koti nalo linatanuka na kusinyaa kila unapowasha na kuzima. Ukisoma data ya SiC/SiC isiyo na koti halafu ukaitumia kwa kipande chenye koti, au kinyume chake, umelinganisha vitu viwili tofauti.

Haraka au polepole: kwenye joto, kushikilia mzigo kileleni ndo kunauma. Saiko yenye dakika mbili za kushikilia ina madhara mengi kuliko mamia ya saiko za haraka zisizoshikilia. Data ya 1 Hz peke yake itakudanganya, itakuonyesha maisha marefu kwa hesabu ya saiko wakati kwa hesabu ya saa ni siku moja na kitu tu: saiko 100,000 kwa 1 Hz ni kama saa 28. Piga hesabu hiyo kila unapoona grafu nzuri.

Ushahidi na upatikanaji: hakuna inayoikaribia kwa kuruka. Injini ya LEAP ya CFM ilianza kubeba abiria 2016 na shraudi za SiC/SiC kwenye tabaini ya shinikizo kubwa, yaani kile kipete kinachozunguka ncha za bleidi za hatua ya kwanza. Air Tanzania ilipopokea 737 MAX 9 yake ya kwanza Oktoba 2023 ilikuja na LEAP-1B, kwa hiyo hii matirio inapita juu ya vichwa vyetu Dar sasa hivi. Angalia lakini walivyoanza: shraudi haizunguki, haibebi mzigo mkubwa, mkazo wake uko chini ya ufa wa kwanza. GE9X, injini ya ndege ya Boeing 777X, ikaongeza kuta za chemba ya kuchomea na noze (vibamba vya kuelekeza gesi kwenye bleidi), navyo havizunguki. Hiyo tahadhari inakwambia wahandisi wenyewe wanaamini nini kuhusu uchovu. Bei sasa: nyuzi nzuri kama Hi-Nicalon aina ya S ni maelfu ya dola kwa kilo, kujaza kwa gesi kunachukua wiki nyingi, na kuzisafirisha kuna vibali vya serikali. Mwanafunzi asitegemee kuagiza kilo mbili tu.

Inamfaa nani: mwenye joto la 1000 mpaka 1300, saa nyingi, uzito unaomuuma (ni kama theluthi ya uzito wa aloi za nikeli), na mfuko wa kulipia koti la kinga.

Oksaidi kwa oksaidi

Mimi naona hii inadharauliwa bure.

Ikiwa baridi: haina kitabaka kabisa kati ya uzi na matriksi. Badala yake matriksi imeachwa na vitundu makusudi, ni dhaifu, ufa ukifika kwenye uzi unapinda na kupita kwenye matriksi badala ya kuukata uzi. Kwa hiyo hakuna kitabaka cha kulainika kwa msuguano. Nguvu yake ni ndogo kuliko wenzake ila ukiivuta sambamba na nyuzi inavumilia sehemu kubwa sana ya hiyo nguvu. Udhaifu uko pembeni: ukiivuta mshazari kwa nyuzi, au ukitaka kutenganisha tabaka, matriksi yenye vitundu haina la kukusaidia, na hapo nguvu inaanguka vibaya.

Ikiwa moto: ni oksaidi, oksijeni haina cha kuunguza. Kwenye digrii 1200 hewani, vipimo vya chuo cha jeshi la anga la Marekani pale Ohio kwa Nextel 720 na alumina vilipata nguvu ya kuvutwa kama MPa 192, na sampuli ikamaliza saiko 100,000 kwa MPa 170, asilimia 88 ya nguvu yake. Namba tamu sana. Kisha wakaleta mvuke, joto lilelile, na maisha yakaporomoka. Kwa hiyo anayesema oksaidi haijali mazingira amesoma nusu. Kwenye mvuke matriksi inazidi kushikamana na kupoteza vile vitundu vilivyokuwa vinaiokoa, na nyuzi zenyewe zinadhoofika zikiwa zimevutwa.

Haraka au polepole: polepole, na mvuke ukiwepo ni polepole mara mbili. Kwa 10 Hz mvuke hauonekani kuwa tatizo kubwa, kwa 0.1 Hz ndo unaona balaa. Nyuzi za oksaidi pia zinarefuka chini ya mzigo mapema kuliko SiC nzuri. Nextel 610, ndugu yake 720, ina nguvu zaidi ikiwa baridi, 720 inavumilia zaidi kurefuka kwenye moto, usizichanganye.

Ushahidi na upatikanaji: injini ya Passport ya GE, ile ya ndege binafsi ya Global 7500 iliyoanza kazi mwisho wa 2018, ina sehemu za ekzosi za oksaidi. Kampuni ya Solar Turbines walikuwa na tabaini za viwandani wakijaribia kuta za chemba ya kuchomea: za SiC/SiC zenye koti zilikaa karibu saa 14,000 na 15,000, ya oksaidi yenye tabaka nene la kuzuia joto ikapita saa 25,000. Kabla hujashangilia, ile mashine iliwashwa na kuzimwa mara mia na kitu tu kwa muda wote huo. Ni ushahidi mzuri wa saa, wa saiko sio sana. Utengenezaji ni rahisi: unalowesha kitambaa, unakandamiza, unachoma kwenye tanuri la hewa ya kawaida.

Inamfaa nani: ekzosi, kuta, mabomba ya moto, vitu vyenye mkazo mdogo chini ya 1100 hivi, na maabara isiyo na bajeti ya tanuri la gesi maalumu.

Sasa uchukue ipi

Kama kazi yako ni dakika kwenye moto mkali, au saiko nyingi pasipo oksijeni, anza na C/SiC na pesa iliyobaki itumie kwenye koti la kuziba nyufa.

Kama ni kipande cha tabaini ya ndege kinachokaa juu ya 1000, kwa kweli ni SiC/SiC, lakini chora mkazo wako chini ya ufa wa kwanza na usisahau kona zake zilizo baridi zaidi. Kipande kina digrii 1200 uso mmoja na 800 pale kilipofungwa bolti, na ni pale kwenye bolti, bondeni, ndo unaweza kupoteza kipande huku unaangalia sehemu ya moto.

Kama ni tabaini ya umeme inayowashwa mara chache na kukimbia miezi, oksaidi na SiC/SiC yenye koti zote zinaingia, linganisha kwa saa na kwa mvuke. Ndege ya safari fupi inawaka na kuzima mara kadhaa kwa siku, hapo rudi kuuliza habari za koti la kinga chini ya kuwashwa na kuzimwa.

Kama ni projekti ya masters na mashine uliyonayo ni ya kuvuta tu kwenye joto la chumba, chukua oksaidi au C/SiC, fuata kiwango cha upimaji cha ASTM C1360 ambacho ni cha uchovu wa kuvuta kwenye joto la kawaida, pima ukakamavu kila baada ya saiko kadhaa na bandika kipima joto kwenye sampuli ukipandisha hezi. Hayo matokeo usiyaite ya injini.

Na kama bado uko kwenye kukusanya data za watu, kila namba ya uchovu unayoandika andika na vitu vitano pembeni: joto, hewa au mvuke, hezi, muda wa kushikilia, na mwelekeo wa nyuzi. Isiyo na hivyo vitano iache tu, hata kama ni nzuri.